Kubadilisha ATF (oili ya gia boksi otomatiki) na kuziba uvujaji kwenye pikapu otomatiki ya zamani, kabla hujakubali gia boksi ishushwe

Hii ni kwa wenye gari za miaka ya tisini mpaka mwanzo wa elfu mbili, Hilux, Surf, Prado ya injini ya 1KZ, zile za namba UAD, UAF na kuendelea ambazo bado zinashusha matoke Kampala na kupandisha simenti kijijini. Zilizo otomatiki nyingi zina gia boksi ya familia ya A340, kazi ya Aisin, na hio mashine ni ngumu kweli. Sasa ukifika gereji na doa jekundu chini ya gari, jibu la haraka ni "ssebo, hii gia boksi ishuke tubadilishe sili", na kushusha gia boksi ya fobaifo (inayovuta tairi zote nne) na transfa yake (boksi inayogawa nguvu kwa tairi za mbele na nyuma) si kazi ya saa moja, bei yake unaijua. Wakati huohuo kinachovuja pengine ni hosi ya rejeta iliyokauka, au boliti za sampu (trei ya oili chini ya gia boksi) zilizokazwa kwa hasira, au kasili kadogo ka selekta (shafti ya kuchagua gia). Kwa hiyo mimi naenda kwa mpangilio huu, vya bei rahisi kwanza na gia boksi inashuka ikiwa kila kitu kingine kimeshakaguliwa na bado inalowa.

Hakikisha ni ATF kweli na inatoka wapi

ATF ilitiwa rangi nyekundu makusudi, ili ikivuja watu wasiichanganye na oili ya injini. Oili ya injini ya dizeli ni nyeusi ata kama umebadilisha wiki iliyopita, kwa hiyo hapo hakuna ubishi. Ubishi uko kwa pawa stelingi, manake Toyota nyingi za wakati huo pawa stelingi yake nayo inatumia ATF ileile, so doa jekundu likiwa mbele karibu na tairi, angalia boksi ya stelingi na hosi zake kabla hujaanza kusumbua gia boksi. Na ATF iliyozeeka haibaki nyekundu, inakuwa kahawia. Dondoshea tone moja kwenye tishu nyeupe, ya dizeli inaacha masizi meusi katikati, ATF inasambaa haraka na inabaki nyepesi.

Alafu osha. Huwezi kujua chanzo wakati chini yote kuna tope la barabara za murram lililogandana na oili ya miaka kumi. Paka parafini au dizeli kwa brashi, acha ilowe, peleka woshingi bei wapige maji ya presha, ila waambie wasielekeze mdomo wa mashine moja kwa moja kwenye plagi za waya. Ikikauka pulizia poda ya watoto sehemu zote zinazoshukiwa, endesha kama nusu saa, tafuta na kilima kidogo, alafu rudi uingie chini na tochi. Poda itakuonyesha mstari wa oili. Kumbuka gari likitembea upepo unasukuma oili kurudi nyuma, kwa hiyo usiamini pale panapodondokea, fuata unyevu mpaka upate sehemu iliyo juu zaidi na mbele zaidi, hapo ndo penyewe.

Kuna moja inachanganya watu. Gari haivuji ukiendesha, ukilaza usiku asubuhi unakuta dimbwi. Hio inaeleweka: injini ikizimwa oili iliyokuwa kwenye torki konvata (duara inayounganisha injini na gia boksi) inarudi taratibu kwenye sampu, kina kinapanda, kinafikia sili ya selekta au plagi ya waya au o-ringi ya paipu ya dipstiki, vitu ambavyo ukiendesha viko juu ya oili. Kwa hiyo ikivuja ikiwa imelala tu, tafuta juu ya sampu pembeni. Ikivuja ikiwa inafanya kazi, tafuta kwenye paipu za rejeta na sili ya mbele, pale gia boksi inapokutana na injini.

Kipumulio na kina cha oili

Hapa hutumii ata shilingi, ndo maana naanza napo. Gia boksi ina kapaipu ka kupumulia kanakopanda juu. Kakizibwa na tope, oili ikipata joto presha inapanda ndani na inasukuma oili ipite kwenye sili ambazo ni nzima kabisa. Gari zinazotembea Karamoja au Bundibugyo wakati wa mvua hii ni kawaida. Kavue, kapulize, kakiwa kamepasuka weka kapya na ukapandishe juu kwenye injini ili siku unapita maji pale Bwaise kasinyonye.

Oili ikizidi pia inatoka povu na kutapika juu. Makanika wengi wanapima injini ikiwa imezimwa kama oili ya injini, alafu wanaongeza mpaka alama. Kosa. Nitaeleza kupima huko chini.

Hosi na paipu za rejeta

ATF inapoozwa ndani ya tanki la chini la rejeta, inaenda na kurudi kwa paipu mbili za chuma na vipande vya raba. Raba ikifika miaka ishirini inakuwa ngumu, ukiikunja inaonyesha nyufa. Nunua hosi iliyoandikwa ni ya oili ya otomatiki au ya kuhimili oili na joto, usikubali hosi ya maji ya rejeta iliyokatwa, itavimba ndani na kulegea baada ya miezi michache. Pale soko la spea la Kisekka utapata, ila uliza, ishike, soma maandishi ya ubavuni, na usilipe kabla ya kusoma. Klampi ziwe zile za kukaza na bisibisi na ziwe mpya.

Paipu za chuma zinalika pale zinapogusana na chasisi au vibano vya kuzishikilia. Ukikuta imetoboka sehemu moja, fundi wa kuchomelea kwa gesi anaweza kuiziba vizuri kwa shaba ikiwa imetolewa kwenye gari na kusafishwa ndani. Kukata na kuunganisha kwa raba pia inawezekana ikiwa ncha za paipu zimepanuliwa kidogo ili raba isichomoke, klampi mbili kila upande, mbali na ekzosti. ATF ikimwagikia ekzosti ya moto inawaka, hilo sio la kutania.

Sasa ukiwa hapo mbele fungua kifuniko cha rejeta (gari ikiwa baridi tafadhali) na uvute dipstiki ya gia boksi. Ukiona mafuta yanaelea kwenye maji, au ATF imekuwa pinki nzito kama yoghurt ya stroberi, rejeta imetoboka ndani na maji yameingia gia boksi. Simamisha gari hapohapo, usiendeshe ata kwenda gereji, ivute. Maji yanabandua gundi ya vitambaa vya klachi za ndani. Hapo ni rejeta mpya au kuweka kipoza cha nje, na kusafisha gia boksi yote kwa njia ya hosi ambayo nitaielezea. Mimi kwa gari la kubeba mzigo Kabale au Kapchorwa ningeweka kipoza cha nje ata kama rejeta ni nzima, zile milima zinachemsha oili vibaya sana.

Sampu, gasketi na kubadilisha oili

Kama oili inalowa kuzunguka sampu, unganisha kazi mbili, gasketi na oili kwa pamoja.

Oili gani? Soma dipstiki, za zamani zimeandikwa Dexron II au III, ndo aina ya ATF. GM (General Motors, wenye jina la Dexron) waliacha kutoa leseni ya Dexron III mwishoni mwa 2006, kwa hiyo kopo la leo litasema "inafaa kwa Dexron III", hio ni sawa ikiwa ni ya kampuni inayojulikana na sili yake haijaguswa. Dexron VI nayo inaruhusiwa kwa boksi za Dexron za zamani. Ikiandikwa T-IV (aina ya Toyota wenyewe) weka T-IV. Usiweke WS kwa boksi ya Dexron ata kama muuzaji anaapa kwamba Toyota ni Toyota, ile WS ni nyepesi na ilitengenezewa boksi zilizokuja baadaye. Nunua kituo cha mafuta au duka la oili linaloeleweka, kopo tatu za lita nne zitatosha na kubaki.

Na swali la kila siku, kama oili haijawahi kubadilishwa je nikibadilisha boksi itakufa? Nusa dipstiki. Kama ni nyeusi, ina harufu ya kuungua na gari tayari linateleza, yaani injini inapiga kelele na gari haliendi, klachi zimeisha na oili mpya haitazirudisha, weka pesa yako kwa fundi wa kuifungua. Lakini kama gia zinaingia vizuri na oili ni kahawia tu, badilisha, ila kwa awamu: mwaga na ujaze, endesha wiki mbili, mwaga na ujaze tena, mara tatu hivi.

Haya, kazi yenyewe. Endesha kidogo oili ipate uvuguvugu, isiwe ya kuchoma. Sehemu bapa, ya sakafu, weka vizuizi kwenye tairi, inua na uweke stendi za chuma. Matofali hapana, tofali linapasuka bila kutoa taarifa na wewe uko chini. Pikapu nyingi ziko juu vya kutosha kuingia bila jeki, kama yako ni hivo basi usiinue kabisa.

Safisha kuzunguka sampu kwanza. Fungua nati ya kumwagia, oili iingie kwenye beseni au jerikeni iliyokatwa, na uipime ni lita ngapi zimetoka, hio namba ndo utakayorudisha. Fobaifo nyingine zinatoa kama lita mbili tu, nyingine zaidi ya nne, inategemea sampu, kwa hiyo usiende na namba ya jirani. Kisha boliti za sampu, ni ndogo za spana kumi, toa zote acha mbili za pembeni zimelegea, bandua sampu taratibu upande mmoja. Ikigoma ni kwa sababu imegundishwa na silikoni, nyingine zilitoka hivo kiwandani, tumia kisu chembamba cha kukwangulia putty, usipigilie bisibisi manake mwili wa boksi ni aluminiamu na mkwaruzo mmoja ni uvujaji wa milele. Bado kuna oili imebaki ndani, itakumwagikia kwenye mkono mpaka kwapani, ndo kazi.

Ndani ya sampu kuna sumaku. Ukiona ute wa kijivu laini umejishika hapo ni kawaida ya uchakavu. Vipande vya chuma unavyoweza kuvishika kwa vidole, hio ni habari nyingine, piga picha na umuonyeshe fundi wa otomatiki kabla ya kutumia pesa zaidi. Safisha sumaku, zirudishe zilipokuwa.

Chujio liko juu limeshikwa na boliti chache, na urefu wa boliti unatofautiana, zipange kwenye katoni kama zilivyokaa. Ukiweka ndefu kwenye tundu fupi unaharibu nyuzi za aluminiamu. Weka chujio jipya na gasketi yake, kaza kama Nm 10 (kipimo cha spana ya torki). Usiguse kitu kingine chochote huko juu, wale waya na vipaipu viache.

Sasa hapa ndo gasketi mpya zinaanza kuvuja siku ya pili na watu wanalaumu gasketi. Geuza sampu uangalie ukingo wake. Kila tundu la boliti utakuta limebonyea kuelekea juu, kwa sababu kila fundi aliyepita alikaza zaidi ya mwenzake. Gasketi inabanwa kwenye matundu tu na katikati iko huru. Weka ukingo juu ya mbao ngumu au chuma bapa, gonga taratibu na nyundo ndogo mpaka urudi bapa, hakikisha kwa kuweka rula. Kwangua mabaki yote pande mbili, futa na petroli kidogo kwenye kitambaa, kausha kabisa.

Gasketi ya raba au kok inawekwa kavu, bila silikoni. Najua makanika wetu wanaipenda silikoni, wanaimwaga pande zote mbili, alafu inayobanwa ndani inakatika na kwenda kukaa kwenye chujio. Kama yako haitumii gasketi basi mstari mwembamba mmoja wa silikoni ya kuhimili oili, upite upande wa ndani wa matundu ya boliti, na uiache ikauke muda ulioandikwa kwenye tyubu kabla ya kujaza. Boliti zirudi kwa mkono zote, kisha kaza kwa kuvuka toka katikati kwenda pembeni, raundi mbili tatu, mpaka kama Nm 7. Hio ni kidogo sana, ni kiasi cha kushika ratcheti fupi karibu na kichwa chake na kutumia kifundo cha mkono. Nati ya kumwagia Nm 20 na wosha mpya. Usikaze tena "kwa usalama", hapo ndo ukingo unabonyea upya.

Oili chafu usimwage kwenye mtaro. Mitaro mingi ya Kampala inaishia mfereji wa Nakivubo na Nakivubo inaishia ziwani, kule tunakovuta maji ya kunywa. Iweke kwenye jerikeni, gereji kubwa na vituo vya mafuta vingine vinaikusanya.

Kutoa oili yote kwa njia ya hosi

Kumwaga sampu kunatoa sehemu tu, nyingine iko kwenye konvata. Ukitaka kutoa yote, baada ya sampu kurudi na kujaza kiasi kilekile kilichotoka, chomoa hosi moja ya rejeta na uelekeze kwenye chupa za maji za lita moja na nusu ambazo unaona ndani. Muwe wawili. Mmoja anawasha injini ikiwa P, mwingine anaangalia, na ikitoka lita moja na nusu anapiga kelele "zima!" Zima mara moja, mimina lita moja na nusu mpya kwa tundu la dipstiki, washa tena. Rudia mpaka inayotoka iwe nyekundu safi, kwa boksi nzima ni kama lita nane mpaka kumi. Kama hosi uliyochomoa haitoi kitu oili inatokea upande wa pili, zima ubadilishe. Usiache pampu inyonye hewa ata kidogo.

Kwa boksi iliyokaa miaka bila kubadilishwa nisingetumia njia hii siku ya kwanza, ile ya awamu inatosha. Kwa iliyoingia maji ni lazima.

Kupima

Endesha kilomita kama kumi na tano mpaka ishirini ili oili ifike joto lake la kazi, nyuzi 70 mpaka 80 hivi. Simama pa bapa, injini inanguruma, mguu kwenye breki, pitisha selekta P mpaka L taratibu na urudi P. Injini bado inanguruma, vuta dipstiki, futa na kitambaa kisicho na nyuzi, rudisha, vuta tena, isome kwenye sehemu ya HOT. Ile ya COLD ni ya kukuongoza tu wakati wa kujaza. Ongeza kidogokidogo, robo lita, manake kutoa iliyozidi kunasumbua kuliko kuongeza.

Sili ya selekta na plagi ya waya

Hii inavuja sana na inasingiziwa sampu kwa sababu iko juu yake na oili inateremka ubavuni. Upande wenye swichi ya P na N, fungua mkono wa selekta, alafu kabla hujatoa swichi chora alama kwa msumari inavyokaa kwenye mwili wa boksi. Usipochora gari itagoma kuwaka ukiwa P na utaanza kutafuta ugonjwa wa stata. Toa swichi, utaiona sili ndogo kwenye shafti. Itoboe kwa skrubu ndogo uivute na koleo, usikwaruze shafti. Mpya ipake ATF midomoni, igonge iingie sawa kwa soketi ya saizi yake. Upande wa pili wa shafti kuna nyingine, zifanye zote. O-ringi ya plagi ya waya na ya paipu ya dipstiki ni vitu vya dakika chache, badilisha ukiwa hapo.

Zile dawa za kopo za kuzuia uvujaji zinalainisha na kuvimbisha raba zilizokauka. Zinafanya kazi kwa muda, baadaye raba inakuwa laini mno na inavuja kuliko mwanzo. Ukiona boksi kavu sana kwenye gari linalouzwa, fikiria hilo.

Sili ya mbele

Ikiwa vyote hivyo vimekauka na bado nyekundu inadondoka pale injini inapokutana na gia boksi, haya, hapo kweli ishuke. Nyeusi ikidondoka hapohapo ni sili ya nyuma ya injini, ni kazi nyingine ila njia ni moja, so boksi ikiwa chini badilisha zote mbili, pamoja na o-ringi ya pampu ya gia boksi. Mwambie fundi aangalie bushi ya pampu na shingo ya konvata kama ina mfereji, bushi ikiwa imelika sili mpya haimalizi mwezi.

Na simama hapo wakati wanarudisha. Konvata lazima iingie mpaka mwisho ndani ya pampu, unaizungusha huku unasukuma na inaingia kwa hatua, unasikia ikishuka. Kama haijakaa na wakavuta boksi kwa kukaza boliti, meno ya pampu yanavunjika na gari halitaenda mbele wala nyuma. Boksi na injini zinatakiwa zikutane kwa mkono bila boliti, ikibaki nafasi simamisheni kazi.

Baada ya hapo pima oili kila asubuhi chache za mwanzo. Ikiwa kina kinashuka na chini ni kavu kabisa, fungua nati ya kupimia ya transfa. Oili ya ziada ikimwagika hapo, nyepesi na yenye wekundu, sili kati ya gia boksi na transfa imekufa na ATF inahamia huko kimyakimya. Mwaga ya transfa uweke safi ya aina iliyotajwa kwa transfa yako, na upange siku ya kubadilisha hio sili kabla gia boksi haijabaki kavu.